Ajira zikiongezeka Arusha, nani anavuna Sombetini?

Ukuaji wa kazi mjini hupandisha kodi za vyumba na bei za viwanja pembezoni. Mkulima na mwenye nyumba mdogo wanaweza kufaidika, ikiwa watajua ni kazi ya aina gani inayokuja na itakaa muda gani.

KATIKA mji wowote unaokua kuna bei mbili ambazo kila mkazi huzijua bila kuuliza: bei ya unga na kodi ya chumba. Bei ya unga hupanda na kushuka kwa msimu, na mkulima anaijua sababu yake. Kodi ya chumba ikishapanda ni nadra kushuka, na wapangaji wengi hutoa sababu moja tu, kwamba mwenye nyumba ana tamaa.

Tamaa ipo, lakini haiwezi kupandisha kodi ikiwa peke yake. Mwenye vyumba katika kijiji kisicho na kazi anaweza kuwa na tamaa kuliko wote, na vyumba vyake vikabaki na popo. Kodi hupanda pale watu wenye mshahara wanapokuwa wengi kuliko vyumba vilivyo karibu na kazi zao. Kwa hiyo anayetaka kujua kodi ya mwaka kesho itakuwaje, aanze kwa kutazama ajira.

Kata ya Sombetini, upande wa kusini magharibi wa Jiji la Arusha, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Imekaa kati ya viwanda vya Unga Limited na barabara ya Dodoma inayokwenda Kisongo. Soko la Mbauda liko hapo hapo. Wanaoishi humo kwa sehemu kubwa ni watu wa kipato cha chini na cha kati: wafanyakazi wa viwandani, mafundi, madereva, walinzi, wauza mboga na mama lishe. Nyuma yake, kuelekea Muriet, Terrat na Olasiti, ndiko mashamba ya mahindi na maharage yanakogeuka viwanja mwaka hadi mwaka.

Makala haya yanawalenga watu watatu: mwenye shamba ambalo mji umelifikia, mwenye vyumba vichache vya kupangisha, na mfanyabiashara mdogo ambaye wateja wake ni hao wapangaji.

Mji uliojengwa na mawimbi ya kazi

Arusha haikukua kwa mwendo mmoja. Imekua kwa mawimbi, na kila wimbi lilikuja na kazi za aina yake.

Wimbi la kwanza baada ya Uhuru lilikuja mwaka 1967, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa na makao yake makuu kuwekwa Arusha. Katika miaka hiyo na iliyofuata vilijengwa pia viwanda, kikiwamo cha matairi cha General Tyre na cha nguo cha Kilitex. Eneo la Unga Limited lenyewe lilipata jina lake kutokana na kiwanda cha kusaga unga. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na majengo yake yakakabidhiwa kwa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC, kilichoanzishwa mwaka uliofuata. Baadaye Kilitex kilifungwa, na General Tyre nayo ikasimama kabla muongo wa kwanza wa karne hii haujaisha.

Wimbi la pili lilitoka nje. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa uliichagua Arusha kuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyojulikana kwa kifupi ICTR. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Novemba 30, 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikahamia Arusha mwaka 2007.

Wimbi la tatu ni la viwanda na utalii. Kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu mwaka 2003, kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani, kisha kikapanuka hadi Kisongo. Kufikia katikati ya muongo huo kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 3,000, na ilipofika mwaka 2010 hivi walikuwa takriban 7,000, wengi wao wanawake vijana. Nao utalii ulileta kazi za hoteli, kampuni za safari, gereji na masoko ya vinyago.

Sensa inaonyesha matokeo yake. Mwaka 2012, mwaka ambao Arusha ilipandishwa hadhi kuwa jiji, walihesabiwa watu 416,442. Mwaka 2022 walikuwa 617,631. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya 201,000 katika miaka 10. Tukiwagawa watu wanne kwa kila kaya, ni kaya mpya kama 50,000, yaani kaya 5,000 kila mwaka. Kwa maneno mengine, kila siku iliyopita ndani ya muongo huo Arusha ilihitaji makazi mapya ya kaya 13 au 14.

Si serikali wala mashirika makubwa yaliyojenga sehemu kubwa ya makazi hayo. Yamejengwa na watu wa kawaida, chumba kimoja baada ya kingine, katika maeneo kama Sombetini.

Nauli ndiyo inayopanga kodi

Tuchukue mfanyakazi wa kiwandani. Amri ya mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha Sh150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Mwishoni mwa mwaka huo huo LATRA ilitangaza nauli ya daladala ya Sh600 kwa safari isiyozidi kilomita 10.

Mfanyakazi huyo akiishi mbali na kiwanda, atapanda daladala mara mbili kwa siku. Kwa siku 26 za kazi atatumia Sh31,200 kwa mwezi, ambazo ni zaidi ya moja ya tano ya kima hicho cha mshahara. Akiishi mahali anapoweza kutembea kwa miguu, fedha hizo zinabaki mfukoni. Lakini hazibaki kwa muda mrefu, kwa sababu mwenye chumba kilicho karibu naye anajua hesabu hiyo hiyo. Chumba cha Sh20,000 kule mbali kinaweza kuwa chumba cha Sh40,000 au Sh50,000 karibu na kazi, na mpangaji bado akaona amefanya jambo la busara.

Hivyo kodi ya chumba karibu na kazi ni nauli iliyogeuzwa jina. Ndiyo maana barabara mpya, kituo kipya cha daladala au basi la wafanyakazi linalotolewa na mwajiri vinaweza kubadili soko la vyumba kwa haraka kuliko kiwanda chenyewe. Basi la kampuni likianza kupita Muriet, mfanyakazi hana sababu ya kulipa zaidi ili akae Mbauda. Mwenye nyumba wa Mbauda anapoteza, wa Muriet anapata, na kiwandani hakuna kilichobadilika.

Jambo hili linahusu pia Barabara ya Mchepuo ya Arusha yenye kilomita 42.4, iliyozinduliwa na viongozi wa Afrika Mashariki Julai 2021. Ilijengwa ili malori yasipite katikati ya mji. Kwa mwenye ardhi wa kusini mwa jiji, hata hivyo, maana yake ya kwanza ilikuwa kwamba shamba lililokuwa porini limekuwa kando ya lami.

Tukumbuke pia kwamba ajira moja haiji peke yake. Mchumi Enrico Moretti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipopima miji ya Marekani katika utafiti wa mwaka 2010 aliona kwamba kila ajira moja mpya ya kiwandani huzaa ajira nyingine 1.6 za huduma katika mji huo huo. Namba hiyo ni ya Marekani, lakini mwenendo wenyewe unaonekana Sombetini kwa macho: anayeshona vyandarua anahitaji wa kumsuka nywele, wa kumuuzia chakula cha mchana, wa kumtengenezea viatu na wa kumlelea mtoto. Hao nao wanahitaji vyumba.

Njiro na Sombetini ni masoko mawili

Wengi hudhani kwamba kazi zenye mishahara mikubwa ndizo zinazosaidia soko la nyumba. Historia ya ICTR inatufundisha tuwe waangalifu.

Mahakama hiyo ilipokuwa katika kilele chake, wafanyakazi wake wa kimataifa walipanga nyumba kubwa zenye uzio katika maeneo kama Njiro, na kodi nyingi zikatajwa kwa dola. Wako waliojenga nyumba za namna hiyo kwa matumaini kwamba wapangaji wa dola hawataisha. Lakini mahakama ilikuwa ya muda tangu ilipoundwa. Ilifungwa rasmi Desemba 31, 2015, na chombo kilichorithi kazi zilizobaki kilihitaji watu wachache zaidi. Nyumba ya vyumba vinne yenye bustani na kibanda cha mlinzi haipangishwi kirahisi kwa mshona nguo wala kwa mwalimu wa shule ya msingi.

Soko la Sombetini ni tofauti. Mpangaji mmoja akiondoka katika vyumba sita, mwenye nyumba anapoteza moja ya sita ya mapato, si yote. Chumba cha kawaida kinamfaa mlinzi, fundi, mwanafunzi au muuza mitumba, hivyo kazi moja ikifa, mpangaji anaweza kutoka katika kazi nyingine.

Hata hivyo, soko hilo nalo linaweza kuumia. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020, kutokana na ugonjwa wa corona, walishuka hadi 620,867. Kwa mji unaoishi kwa kuwapeleka wageni Serengeti, Ngorongoro na Mlima Meru, hilo lilikuwa pigo kwa dereva, mpishi na mbeba mizigo, na kupitia kwao likamfikia mwenye chumba. Utalii ulirudi, na mwaka 2024 wageni walikuwa 2,141,895. Lakini mtu aliyekuwa na mkopo wa benki mwaka 2020 hakuweza kumwambia meneja amsubiri miaka miwili.

Mfano mwingine uko kwa jirani zetu. Kenya ilivutia viwanda vingi vya nguo katika maeneo yake ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, likiwamo la Athi River karibu na Nairobi. Januari 1, 2005 mfumo wa kimataifa wa kugawana masoko ya nguo ulikoma, ushindani wa China ukaongezeka, na baadhi ya viwanda hivyo vikafungwa. Maelfu walipoteza kazi. Uamuzi uliofanywa Geneva ulifika hadi kwa mwenye chumba ambaye hakuwahi kulisikia jina la mji huo.

Viwanda vya vyandarua navyo vina hatari ya namna hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya oda hutokana na zabuni za mashirika ya kimataifa ya afya. Oda ikiwa kubwa, zamu huongezwa. Ikipungua, vibarua ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Ekari moja: kulima, kuuza au kujenga?

Zaidi ya miaka 190 iliyopita, Mjerumani aliyekuwa mkulima na mchumi, Johann Heinrich von Thünen, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1826 akieleza kwamba thamani ya shamba hutegemea umbali wake kutoka mjini, hata kama udongo ni ule ule. Karibu na mji hulimwa mboga na kufugwa ng'ombe wa maziwa, mbali zaidi nafaka, na mbali kabisa huchungwa mifugo. Mji unapokua, mduara wa nyumba unasukuma mduara wa mboga, na mduara wa mboga unasukuma wa nafaka.

Mkulima wa Terrat yuko pale mduara wa nyumba unapokutana na wa mahindi. Tufanye hesabu kwa namba za mfano tu. Msomaji aweke namba zake mwenyewe.

Tuseme ekari moja ya kutegemea mvua inatoa magunia 10 ya mahindi, na gunia linauzwa Sh60,000. Mapato ni Sh600,000. Ondoa Sh350,000 za trekta, mbegu, mbolea, palizi na kuvuna. Inabaki faida ya Sh250,000, mvua ikiwa nzuri.

Sasa anakuja mnunuzi na Sh20 milioni mkononi kwa ekari nzima. Mkulima anagawanya kichwani: ni faida ya mahindi ya miaka 80! Anauza siku hiyo hiyo.

Tumtazame mnunuzi. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Anapima viwanja vinane vya mita 20 kwa 20, ambavyo ni mita za mraba 3,200, na zinazobaki anaacha kwa ajili ya njia. Kila kiwanja anauza Sh4 milioni. Anapata Sh32 milioni. Akiondoa gharama za kupima, kwa mfano Sh2 milioni, amepata faida ya Sh10 milioni bila kushika jembe.

Mkulima angeweza kufanya nini? Angeuza viwanja viwili tu kwa Sh8 milioni. Sh2 milioni angezitumia kupima shamba lote, na Sh6 milioni zilizobaki angejenga chumba kimoja na choo, kisha akaweka msingi wa chumba cha pili. Chumba kimoja kikipangishwa kwa Sh30,000 kwa mwezi kinaleta Sh360,000 kwa mwaka, zaidi ya faida ya mahindi ya ekari nzima. Na viwanja vitano vilivyobaki bado vinalimwa.

Ushauri hapa ni mfupi: uza kipande, usiuze shamba. Bei ya ardhi pembezoni mwa mji unaokua huwa na sehemu mbili. Moja ni thamani ya leo, ya pili ni thamani ya kazi zitakazokuja. Anayeuza yote leo anaiacha hiyo ya pili mikononi mwa mwingine.

Lakini ushauri huo una sharti. Wapangaji lazima wawepo kweli, na barabara na maji viwe karibu. Chumba kisicho na mpangaji ni hasara kuliko mahindi, kwa maana mahindi yakikosa mnunuzi familia inakula.

Na si kila shamba linashindwa na nyumba. Mwenye ardhi yenye maji miteremkoni mwa Mlima Meru, anayelima mboga au kufuga ng'ombe wa maziwa, anauza kwa watu wale wale wenye mishahara. Kila kaya mpya ya mjini hununua nyanya, mchicha, mayai na maziwa kila siku. Kwa mkulima huyo, ukuaji wa ajira ni soko lililosogea karibu. Kabla ya kugeuza bustani kuwa vyumba, afanye hesabu mara mbili.

Vyumba sita kwa mkopo

Kosa linalowaumiza wenye nyumba wengi si kujenga, ni namna ya kupata fedha za kujengea.

Tuseme mtu ana kiwanja Sombetini na anajenga vyumba sita kwa gharama ya Sh30 milioni. Kila chumba anapangisha kwa Sh40,000. Kwa mwaka anatarajia Sh2,880,000. Lakini wapangaji huhama, na kila chumba kikikaa wazi miezi miwili kwa mwaka anapoteza Sh480,000. Matengenezo, kuvuta maji machafu na kodi za serikali tuweke Sh400,000. Kinachobaki ni Sh2,000,000, yaani chini ya asilimia saba ya fedha alizoweka. Itamchukua miaka 15 kurudisha gharama.

Kama fedha ni zake mwenyewe, si vibaya. Jengo linabaki, na thamani ya kiwanja inapanda. Kama fedha ni za benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni Sh4,800,000. Vyumba vinaleta milioni mbili, benki inadai karibu milioni tano. Tofauti hiyo italipwa na nini? Mara nyingi italipwa na ng'ombe, mazao, mshahara wa mtoto, na mwishowe kiwanja chenyewe kilichowekwa rehani.

Ndiyo sababu ujenzi wa polepole, unaochekwa na wataalamu wengi, una akili ndani yake. Vyumba viwili vya kwanza husaidia kujenga vya tatu na vya nne. Kazi zikisimama mjini, ujenzi nao unasimama, na hakuna dalali wa mahakama anayebisha hodi.

Kupandisha kodi nako kuna mpaka. Kwa mshahara wa Sh150,000, mpangaji mmoja hawezi kulipa zaidi ya Sh50,000 na bado akala. Ukipandisha hadi Sh70,000 hatakuletea Sh70,000, ila atamwita mwenzake walale wawili. Choo kitajaa haraka, maji yatatumika mara mbili, na mapato yako kwa kila kichwa yatakuwa yameshuka. Kodi nzuri ni ile ambayo mshahara unaotolewa mtaani kwako unaweza kuilipa kila mwezi bila kusukumana.

Fremu na genge

Mfanyabiashara mdogo anaingia katika hesabu hii kwa milango miwili. Wapangaji ni wateja wake, na yeye mwenyewe ni mpangaji wa fremu. Kazi zikiongezeka, mauzo ya duka au mgahawa yanapanda, na mwenye fremu anaona. Mkataba ukiisha, kodi inapandishwa, na faida yote ya mwaka inahamia kwake.

Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo bei inabaki makubaliano ya pande mbili. Kinga ya mfanyabiashara ni maandishi. Badala ya kupatana kwa mwaka mmoja mmoja, ajitahidi kupata mkataba wa miaka miwili au mitatu unaotaja kodi itapanda kwa kiasi gani na lini.

Pia ajue mshahara wa wateja wake unatoka wapi na siku gani. Duka linalokopesha kwa daftari kwa watu wa kiwanda kimoja tu limefungwa kamba moja na kiwanda hicho. Likiwa na wateja wa gereji, wa sokoni na wa shule, mmoja akiyumba wengine watalishikilia.

Dalili za kutazama

Kabla ya kununua kiwanja, kuuza shamba au kuongeza vyumba, kuna mambo manne ya kuuliza.

Kwanza, kazi inayokuja ni ya kudumu au ya muda? Uwanja wa mpira wa watu 30,000 katika Kata ya Olmoti, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2024 kwa ajili ya fainali za AFCON 2027 zilizopewa Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, ni mfano mzuri. Mafundi na vibarua huleta biashara wakati wa ujenzi, lakini ujenzi ukikamilika huondoka. Mama lishe anaweza kufaidika nao kwa sababu mtaji wake ni masufuria na anahama nayo. Mwenye vyumba hawezi kuhama navyo.

Pili, mshahara ni kiasi gani? Mia moja wenye mshahara mdogo wanahitaji vyumba vya kawaida, na kumi wenye mshahara mkubwa wanahitaji nyumba nzima. Usijengee kumi mahali palipo na mia.

Tatu, maji na barabara vikoje? Mradi mkubwa wa maji wa Arusha uliogharimu Sh520 bilioni ulilenga kuongeza maji na kupunguza tatizo la madini ya floraidi. Chumba chenye maji ya bomba hupata mpangaji kabla ya kile cha jirani kisicho nayo. Na tazama maji ya mvua yanayoshuka kutoka Meru yanapita wapi. Kiwanja cha bei rahisi bondeni kina sababu ya kuwa rahisi.

Nne, ardhi yenyewe ikoje kisheria? Nenda ofisi za ardhi za jiji uulize eneo limepangiwa nini katika mpango kabambe wa Arusha unaofika mwaka 2035. Kiwanja kilicho kwenye njia ya barabara hakina mpangaji atakayekiokoa. Kama shamba liko nje ya jiji, katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka Halmashauri ya Kijiji ihusike. Na nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani na mume peke yake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inahitaji ridhaa ya mwenzake. Katika familia nyingi za Meru na Arusha shamba ni la ukoo, na anayeuza bila kikao cha ndugu humuuzia mnunuzi kesi.

Nani avune?

Wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Kila kiwanda au ofisi mpya inapokaribishwa Arusha, hotuba hutaja idadi ya ajira. Ni mara chache hutajwa watu hao watalala wapi. Viwanja visipopimwa mapema, nyongeza ya mishahara inaishia kwenye kodi na nauli, na mfanyakazi anabaki pale alipokuwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia umeme wa LUKU, hivyo katika nyumba nyingi ni mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeitoa kwanza mfukoni. Ni haki yake kuona barabara ya mtaa na mtaro vikirudi kutokana na fedha hizo. Naye mwenye nyumba muungwana hukumbuka kiasi hicho anapopanga kodi.

Kwa mwenye shamba wa Terrat, Muriet au Olasiti, mji hautasubiri awe tayari. Swali ni kama utamkuta na ekari iliyopimwa, yenye karatasi na chumba kimoja cha kuanzia, au utamkuta ameshauza na kuhamia mbali zaidi, akilima ardhi ya kukodi na kusubiri mji umfikie tena. Aanze msimu huu kwa jambo lisilo na gharama kubwa: aitishe kikao cha familia, ahesabu shamba linaleta nini kwa mwaka, na apeleke swali lake ofisi ya ardhi kabla dalali hajamletea jibu.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.